Rudia na Ncha ya Sindano

Wifi akikusimulia habari za wifi yake, toa nusu. Lakini leo usitoe kitu, kwa sababu hii ni habari ya ubaya wangu mwenyewe, na sijaona mtu anayejisingizia ubaya.

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, tulimwita Rudia. Jina hilo nilimpa mimi, kwenye karakana ya nguo za watoto wachanga tuliyofanya kazi sote wawili kabla hajaolewa kwetu. Yeye alikuwa kwenye cherehani ya tatu kutoka dirishani. Mimi nilikaa meza ya vifungo karibu na mlango, mahali pa mtu anayependa kujua nani kaingia na nani katoka.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja ambayo hata bosi mwenyewe hakuivunja. Sindano ikivunjika, mashine inazimwa. Unatafuta vipande vyote, unavibandika kwa selotepu kwenye karatasi, kimoja baada ya kingine, mpaka sindano ionekane nzima. Ndipo unapeleka karatasi kwa bosi upewe sindano mpya. Kipande kikikosekana, hata kiwe kidogo kama chembe ya chumvi, nguo zote za meza yako haziendi popote. Bosi alikuwa akisema mtoto wa siku tatu hawezi kukwambia anachomwa wapi.

Sisi wengine tuliitii sheria hiyo sindano ikivunjika. Rudia aliitii hata isipovunjika. Akimaliza gauni aligeuza ndani nje, akapitisha kiganja kwenye kila mshono, shingoni, kwapani, kwenye pindo. Mara tatu. Halafu alilikunja, akaliweka, akaenda hatua mbili, akarudi, akalikunjua. Bosi alipoona hakuna gauni la Rudia lililowahi kurudishwa na mteja, alimtoa kwenye cherehani akamfanya mkaguzi wa nguo za wote. Mara tatu zikawa sita, sita zikawa tisa. Viganja vilimchubuka mpaka akawa anavipaka mafuta ya mgando wakati wa chakula cha mchana, kisha anavifuta, kisha anavifuta tena ili asichafue vitambaa.

"Rudia, hilo gauni litashika mimba kwa kupapaswa!" nilimwambia siku moja, karakana nzima ikaangua kicheko. Naye alicheka, huku mkono ukiendelea. Hakuna aliyejiuliza kama mkono ule ungeweza kusimama hata kama mwenyewe angetaka. Bosi alipata mkaguzi asiyechoka, sisi tukapata kichekesho, kila mtu akaridhika.

Mimi ndiye niliyemleta nyumbani. Mdogo wangu, fundi wa kuchomelea mageti, alikuja jioni moja ya mvua kunichukua kazini, akamkuta Rudia mlangoni akitikisa kufuli. Akamshikia mwavuli mpaka alipomaliza kulitikisa. Alimaliza baada ya muda mrefu, na mdogo wangu hakuuliza chochote. Mwaka haukuisha wakaoana.

Tulikaa nyumba moja: mama, wao wawili, na mimi. Mimi niliolewa miaka minane, kisha nikarudishwa kwa mama na sanduku moja, kosa langu kutozaa. Nalisema mapema usije ukadhani nimelificha.

Nyumbani Rudia alianza na jiko la gesi. Atalizima, ataligusa, atakwenda chumbani, atarudi kuligusa. "Wifi, nimezima jiko?" Nitamjibu amezima. "Wifi, kweli nimezima?" "Kwani mimi nimekuwa redio?" nilimwambia. Mama alimtetea, akasema amepata mkwe mwangalifu, nyumba haitaungua. Mdogo wangu alizoea kumsubiri kitandani. Hivyo ndivyo tulivyoishi na ugonjwa ndani ya nyumba, tunaupa majina ya sifa ukitufaa na majina ya kejeli ukituchosha.

Kisha akazaliwa mtoto wa kike. Tulimwita Kijino kwa sababu jino la kwanza lilichomoza akiwa na miezi mitatu tu. Na hapo Rudia akabadilika. Mikasi ilipotea nyumbani. Niliikuta nyuma ya gunia la mkaa, imefungwa kwa vitambaa vitatu. Visu vikafuata, tukawa tunaazima cha jirani kukatia vitunguu. Akaacha kumwogesha mtoto. Akaacha kumkata kucha. Akimnyonyesha, mkono mmoja ulimshika mtoto na mwingine aliukalia.

"Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana," mama alisema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Alidhani ni uvivu.

Basi nikamwogesha mimi. Nikamkata kucha mimi, kwa meno, kama nilivyowahi kuona watu wakifanya. Nikajua anapenda maji yaanzie miguuni. Nikajua akisinzia anashika sikio lake la kulia. Na nasema wazi, kila Rudia aliporudi nyuma hatua moja, mimi nilifurahi. Nilikuwa na njaa ya mtoto yule.

Mchana mmoja tulikuwa sebuleni tunakunja nepi. Mtoto amelala. Rudia alikunja moja, akaikunjua, akaiweka chini.

"Wifi, nikikwambia kitu utaniona mwendawazimu?"

"Nishakuona zamani. Sema."

Hakucheka. "Nikimshika mtoto, kichwa kinaniletea picha. Nina mkasi, namchoma. Sitaki, wifi, haki ya Mungu sitaki. Nikiona sindano, naona jicho lake. Naifukuza ile picha, inarudi. Nahesabu mpaka tisa inaondoka, halafu inarudi tena. Ndiyo maana nimeficha mikasi. Ndiyo maana naukalia huu mkono."

"Umewahi kumfanya kitu?"

"Hata kumfinya sijawahi! Naogopa hata kumfunga nepi. Wifi, mama gani anawaza hivi? Mimi ni mtu gani?"

Alikuwa analia bila sauti, na pua inamtiririka, hajifuti. Mwenye akili angeona pale pale. Mtu anayetaka kuchoma hafichi mkasi. Lakini mimi sikuwa natafuta kuelewa. Niliona mlango unafunguka, na nyuma ya mlango ule yupo Kijino.

"Usimwambie mtu, wifi," akasema.

"Siri yako siri yangu," nikamjibu. Nikaitunza mpaka mama alipomaliza kuanua nguo.

Jioni ile tulikaa wanne. Nilisimulia mimi, maana ulimi hauna mfupa na wangu hata gegedu haukuwa nalo. Nilisema anawaza kumchoma mtoto. Sikusema kwamba hataki. Nilisema ameficha mikasi na visu. Sikusema kwamba alivificha ili asivishike yeye mwenyewe. Mama alijishika kifua. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akimtazama Rudia.

Mdogo wangu alimgeukia mkewe. "Ni kweli? Unawaza kumchoma mtoto?"

"Ni kweli," Rudia akasema.

Hakuna aliyeuliza swali la pili. Mwanamke yule alikuwa ameuliza kila kitu mara tisa tisa maisha yake yote, na siku alipohitaji kuulizwa mara mbili tu, sote tulinyamaza. Mama akatoa hukumu: mtoto alale kwangu, na mama yake atafutiwe chumba kwingine mpaka akili itulie. Unadhani Rudia alibisha? Alikubali. Alisema bora mtoto akae mbali naye. Kisha akaja akanishika mkono kwa vidole viwili tu, kama mtu anayeogopa kuchafua, akaniambia, "Ahsante, wifi."

Asubuhi alihama. Chumba chake kilikuwa mtaa wa pili, nyuma ya duka la kinyozi, na dirisha lake lilitazama ukuta. Maziwa yalimjaa kifuani wiki nzima, akawa anayakamulia kwenye bakuli na kuyamwaga. Habari hiyo niliipata kwa mke wa kinyozi, na niliisikiliza nikiwa na Kijino mgongoni.

Kazini nilitaja jambo lile kwenye meza ya vifungo, kwa huzuni ya uongo, nikaomba lisifike mbali. Kabla ya chakula cha mchana lilimfikia bosi. Bosi hakumwita mwizi wala mzembe. Alimwambia tu kwamba mtu mwenye mawazo ya namna hiyo hawezi kukagua nguo za watoto. Rudia alikunja aproni yake, akaikunjua, akaikunja tena. Aliyekuwa amezuia kila ncha isitoke katika karakana ile alitolewa yeye.

Mdogo wangu alimpelekea chakula kila Jumamosi. Alimpeleka kwa mganga huyu na yule. Mmoja akasema ana mashetani, mwingine akasema ana deni la mizimu, wa tatu akamfungia siku mbili bila kula. Alirudi kutoka kwa huyo wa tatu amekonda na picha zile zile kichwani, na juu yake aibu.

Kijino alipotimiza miezi tisa nilimpeleka kliniki kwa chanjo. Tulikuwa kina mama kama thelathini kwenye mabenchi, na nesi mmoja mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu akasimama mbele yetu. Nilitegemea habari za uji. Akaanza kusema kuna ugonjwa ambao kichwa cha mtu hushikwa na wazo asilolitaka. Wazo linamchukiza na kumtisha, akilifukuza linarudi, na ili apate nafuu kidogo analazimika kurudia jambo: kunawa, kuhesabu, kukagua, kuuliza. Watu humcheka. Wengine humsifu kwa usafi.

"Na baada ya kuzaa," nesi akasema, "wapo ambao wazo linalowashika ni la kumdhuru mtoto. Msikimbie, nisikilizeni. Mama huyu hataki kudhuru. Wazo linamjia kwa sababu ndilo analoliogopa kuliko yote. Ataficha visu. Atakataa kumshika mtoto. Nyinyi mtasema hampendi, kumbe hofu yake yote imetokana na kumpenda. Ni maradhi, yana matibabu. Kuna mazungumzo na daktari, kuna dawa. Mama mwingine anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayeamini mtoto si wake, huyo ni habari nyingine, mleteni siku hiyo hiyo. Lakini wote ni wagonjwa, hakuna mbaya hapo."

Baada ya chanjo nilimfuata, nikamweleza habari za wifi yangu, safari hii bila kupunguza. Aliniuliza maswali mengi, mengine mara mbili. Kisha akachukua karatasi ya kliniki, akaandika, akapiga muhuri wa tarehe. Aliandika: "Mlete wifi yako Jumanne, chumba namba nne. Dalili ulizonieleza ni za ugonjwa unaotibika. Mtoto asitengwe na mama yake."

"Umefanya vizuri sana kuuliza," nesi akaniambia. "Umemwokoa mtu."

Nilitoka na ile karatasi mkononi. Kijino alikuwa analia kwa sababu ya sindano, na nilipomweka begani akashika sikio lake la kulia, akanyamaza, akasema neno lake la kwanza. Alisema "mama". Aliniita mimi. Alipaswa kuniita shangazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kulikuwa na mtu wa kuniita kosa hilo tamu. Sikumsahihisha. Nilifika nyumbani nikakunja karatasi mara nne, nikaisukuma chini kabisa ya kopo langu la vifungo.

Jumanne ilipita. Zikapita Jumanne hamsini na ushee.

Rudia alikuwa anakuja kila Jumapili saa nne asubuhi. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye kizingiti, mikono nyuma, ameishikanisha kama mfungwa, akamtazama mtoto wake akicheza. "Amekula?" "Amekula." "Amekula, wifi?" "Nimeshakujibu." "Hana homa?" Nilimjibu mara moja moja, nikageuka. Kijino akajifunza kumpita pale mlangoni kama anavyopita ndoo. Na karatasi ilikuwa hatua nne kutoka alipokuwa amesimama mama yake.

Jumapili moja, Kijino akikaribia miaka miwili, niliamka na hamu ya kumvalisha gauni jipya la njano. Nilitaka Rudia aone anavyopendeza mikononi mwangu. Kifungo cha shingoni kilikuwa kimelegea, nikachukua sindano nikikaze. Kola ilikuwa imekunjwa mara tatu, nzito. Nikasukuma kwa nguvu, ncha ikakatika.

Niliitafuta. Nilikung'uta gauni, nikapiga magoti sakafuni, sikuiona. Karakanani ningeacha kila kitu. Lakini hapa nilikuwa kwangu, saa inakaribia nne, na nimeshona vifungo miaka kumi na tano. Nikajiambia imeruka chini ya kabati. Mwili wa sindano niliutupa kwenye kopo la vifungo kwa mazoea, nikamvalisha mtoto.

Rudia akafika. Mama alikuwa kwenye kochi, mdogo wangu anakunywa chai. Kijino alikuwa analia, anapeleka mkono shingoni, anautoa.

"Amekula?" Rudia akauliza.

"Amekula. Ni joto tu hili."

Hakurudia swali. Alikuwa anatazama shingo ya mtoto. "Wifi, mvue gauni."

"Umeanza."

"Shingoni, wifi. Kuna damu."

Ilikuwa tone dogo tu kwenye kitambaa cha njano. Mimi sikusogea, kwa sababu nilijua ni nini, na kulijua kulinigandisha. Ndipo ile mikono ikatoka nyuma. Rudia alivuka kizingiti kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na nusu, akamnyanyua mtoto, akamvua gauni, akaligeuza ndani nje, akapitisha kiganja kwenye kola. Mara moja. Akasimama. Alipoinua mkono, ncha ilikuwa imesimama kwenye nyama ya kiganja chake.

Usinielewe vibaya. Ugonjwa wake haukuwa kipaji, ulikuwa umemla. Damu ile ingeonwa na yeyote aliyetaka kutazama. Ninachokwambia ni hiki: yule tuliyemwogopa alikuwa na mtoto mkono mmoja na kitu chenye ncha mkono wa pili, mbele yetu sote, na alichofanya ni kukipeleka mbali na mtoto kadiri mkono wake ulivyofika. Mama aliliona hilo. Mdogo wangu alisimama na kikombe chake.

Kijino, uchi, alimtazama mama yake usoni kama anavyotazama mgeni, kisha akaanza kulia akinyoosha mikono kwangu. "Mama," akaniita. Rudia alisikia. Alimkabidhi mtoto kwa baba yake, polepole.

"Sindano yenyewe iko wapi?" akauliza. "Tuione yote."

"Kwenye kopo la vifungo," mdogo wangu akasema. "Nilimwona akiitupa humo."

Nilisema nitaileta mwenyewe. Nilisema kopo lile lina mambo yangu. Lakini Rudia alikuwa ameshalifikia, akalimwaga mezani, vifungo vikatimka hadi chini ya kochi. Akapata sindano. Akatafuta karatasi ya kuibandikia, kama kule karakanani, na karatasi ilikuwa moja tu, imekunjwa mara nne. Akaikunjua.

Alisoma huku midomo ikicheza. Alisoma muhuri. Mdogo wangu akaja akasoma begani kwake, na mama, ambaye hajui kusoma, akawa anauliza, "Imeandikwa nini? Jamani, imeandikwa nini?"

Rudia akainua macho. "Ulijua?" akaniuliza.

Niliona aibu, na nikafanya nilichofanya maisha yote nikiulizwa na yeye: nilisubiri aulize tena. Nilijua atauliza tena. Mara ya pili ningejibu, au ya tatu, ningekuwa nimeshapata maneno. Akaikunja karatasi kwenye mikunjo yake ile ile, akatoka nayo, na mumewe akamfuata na mtoto.

Jumanne walikwenda chumba namba nne. Nesi alikuwa bado yupo. Ilichukua miezi minane ya dawa na mazungumzo, na zoezi gumu la kushika kisu huku mtoto yuko chumbani, dakika moja, kisha mbili. Hajapona kabisa, siku nyingine jiko humshika. Walipanga nyumba yao. Kijino alinililia wiki tatu, halafu akaacha, na sasa ananiita shangazi bila kukosea.

Ninakwenda Jumapili, saa nne, na Rudia hunikaribisha chai. Hukata mkate mwenyewe, kisu mkononi, mtoto mapajani. Hunisalimu vizuri. Mdogo wangu anasema nesi amemfundisha kuuliza jambo mara moja tu kisha aliache, hata likimwasha. Huenda ndiyo sababu hajaniuliza tena kama nilijua. Mimi jibu ninalo, ni neno moja, nimelibeba tangu siku ile ya vifungo. Nakunywa chai mpaka mwisho wa kikombe nikimngoja aulize tena.